Jina Ndani ya Mpini

Langoni, Lamu, kafika
Zaharia. Kafunika
upanga ulopindika
kwa kikoi cha nyumbani.

Babu, mpishi wa meli,
aliupata badili
ya deni, rupia mbili,
Yokohama bandarini.

"Fundi," kasema, "ugawe,
visu vya nazi na viwe;
washika kutu, si jiwe,
waoza tu sandukuni."

Kijiti nikakitoa,
mpini nikaung'oa:
chuma cheusi, si doa,
na jina kwa Kijapani.

Sijui husomwa vipi,
wala mwenyewe ni yupi;
patasi yake ni fupi,
imeteleza mwishoni.

Ila najua ya moto:
palikuwa na mtoto
akivuta mivukuto
na usingizi machoni.

Na makali yana wimbi
jeupe kama la vumbi;
kuchelewa huwa dhambi
chuma kiwapo motoni.

Nikarudisha kijiti.
Nikamwambia, "Sikati.
Kutu hii ndiyo hati,
usiiguse, jirani."

Jioni, nikipachika
mbuzi ya nazi, kwa shaka
"Shekuwe" nikaandika
patakapozama ndani.