Mizani ya Kichochoro cha Tisa

Jumamosi, kabla Makassar haijashika joto,
tunatundika mizani kwenye boriti ya kwa Daeng Rannu:
ndoano yenye kutu, sahani ya bati, mshale unaotetemeka
kama shahidi anayetafuta neno.

Wanakuja na viroba.
Chupa zimekanyagwa zikalala bapa,
vizibo kando, maana vizibo vina bei yake,
madaftari ya watoto waliokwisha kuoa,
feni isiyo na mapanga.

Mimi ndiye karani. Jina, kilo, rupia.
Niliishia darasa la tano, lakini hapa
nikishika kalamu, hata wenye vyeti husubiri.

Zamani Daeng Rannu alivaa nguo ya Idi
akaenda ile benki ya vioo, yenye baridi ndani.
Wakamwomba hati ya mshahara.
Mshahara! Muuza ndizi za kukaanga!
Alirudi na viatu mkononi.
Jioni yule wa pikipiki akamhesabia laki tano,
akaandika saba.

Siku hizi pikipiki ile hupita bila kupunguza mwendo.
Tenri, bintiye Rannu, anasomea ukunga
kwa ada iliyoanza na vizibo.

Lakini nisikudanganye, si asali tupu.
Mwezi wa mvua bei ya plastiki ilianguka,
tukanuniana, wawili wakafunga vitabu vyao.
Na kuna siku kiroba kimoja
kilivuta mshale kupita haki.
Nikafungua chupa ya kwanza: mchanga.
Ya pili: mchanga, tena umeloweshwa.
Kichochoro kizima kikakodolea vidole vyake vya miguu.
Kiroba kilikuwa cha Baso,
mume wangu.

Nikaumwaga palepale. Nikapima upya.
Nikaandika: Baso, kilo mbili na robo.
Kitabu hakina mume.
Siku tatu hakugusa wali wangu.
Ya nne alikula, akaomba ukoko.

Nasikia washairi nao wana mizani,
huihesabu kwa vidole, wakatafuta na vina.
Yetu haina vina. Ina gramu,
na macho ya majirani.

Ule mchanga hatukuufagia.
Bado uko pale, chini ya sahani,
paka hulala juu yake.
Kila Jumamosi nikiita jina la mtu
huwa nimesimama juu yake
peku.