Kiraka Kabla ya Tundu

Februari, Faenza. Ukungu umelalia mto Lamone
kama paka mzito asiyefukuzika,
nami nimewasha taa tangu asubuhi
juu ya ngozi ya kangaruu, nyeusi, nyepesi,
isiyojua bado lami ni nini.

Ukutani ipo kalenda ya duka la misumari.
Nimezungushia wino mwekundu Jumapili ishirini na mbili.
Ya kwanza ni jangwani, usiku, chini ya mataa;
ya Juni ni ya hapa kwetu, nyuma ya milima,
na ndiyo aliyoichagua mpwa wangu Fiorenza aolewe.
Nimemwambia: mwanangu, bwana harusi atangoja,
mbio hazimngoji mtu.
Hajanisemesha tangu Krismasi.

Juzi alikuja Ulderico kupimwa.
Miaka thelathini na sita, misimu kumi na saba.
Akavua shati, akasimama juu ya kigoda,
mikono kando, kama mtoto anayeshonewa sare ya shule.
Nikampitishia futi kamba.
Bega la kushoto limeshuka nusu sentimita:
hiyo ni Septemba, kona ya nane, mvua.
Mtulinga una chuma na skrubu sita:
hiyo ni mwaka juzi, na marudio sikuyatazama.
Mwili wake nausoma kwa kuanguka kwake
kama wengine wasomavyo kiganja,
ila mimi nasoma yaliyokwisha.

Kiuno kimeongezeka vidole viwili.
"Bana tu," akasema. "Kufika Machi nitakuwa nimepungua."
Husema hivyo kila mwaka.
Kila mwaka naitikia, naandika namba aitakayo,
kisha naacha pindo la akiba kwa ndani,
kwani matumaini nayo yanahitaji pa kupumulia.

Akanieleza injini ni mpya, inavuta kama iliyotukanwa;
breki zinauma mapema;
na kwamba kwenye majaribio yule binti, Nives, wa miaka kumi na tisa,
alimpita kwa ndani, kwenye kona aliyozoea kuiita yake.
Akacheka. Kicheko kilichelewa kidogo kufika machoni.
"Mwaka huu," akasema, wala hakumaliza,
wala sikumsaidia kumaliza.

Nives mwenyewe alikuja jana na mama yake.
Mwilini hana kovu ila moja la utotoni, la baiskeli.
Alitaka jina mgongoni liwe kubwa, rangi ya ndimu.
Nikamuuliza: unaogopa nini?
Akafikiri, uso umekunjamana.
"Kuwa wa nne," akasema.

Wanyanyuao vikombe hawanijui. Sawa.
Kazi yangu haisifiwi ikiwa nzima.
Siku yake ni ile mtu anapoteleza mita mia
juu ya lami ya saa nane mchana,
pikipiki ikitangulia kuvunjika bila yeye,
kisha anainuka, anajipapasa, anatembea,
na mshono wangu ndio uliosema: hapana.

Usiku, Loretta akishafunga mlango na kwenda zake,
nafanya ambalo sijamwambia yeyote kati yao.
Nachukua masalio ya ngozi ileile
nakata kiwiko cha kushoto, goti la kulia,
kiganja, nyonga, kila kimoja kwa kipimo cha mwenyewe,
na nyuma yake naandika jina kwa penseli.
Si uchuro. Nililelewa nisitaje baya lisije likaitika,
na silitaji.
Nalikatia tu.

Droo ya chini imeshajaa ya msimu huu.
Novemba iliyopita, nilipoifungua kuipangusa,
nilikuta vipande vitatu havikutumika.
Nikavitandaza mezani, nikavitazama muda mrefu
kama mtu atazamavyo fedha aliyookota njiani.

Mwaka huu nataka vinne.
Hata vitano.