Usisahau Kumwambia Mama

Bitiruti nne, kila moja ngumi ya mtoto aliyenuna,
nimezinunua Kiloleli kwa mama asiyejua kupunguza bei,
zingali na udongo wa bustani kwenye mashavu.
Kwandu yuko zamu Bugando hadi saa mbili usiku.
Mama yake yuko kivukoni, anatoka Nansio,
na mashangazi wawili, na kuku wa zawadi aliyefungwa miguu.
Jikoni niko mimi, Luhende, fundi wa pampu za maji.
Mkwe.

"Usizimenye mbichi," simu ilisema,
"zitavuja, ubaki na viazi vilivyopauka.
Chemsha na ganda lake, uache na kishina cha majani.
Karoti peke yake. Njegere peke yake.
Kabichi usiipike, ikate nyembamba kama uzi.
Bitiruti iingie mwisho. Ukiiharakisha,
vyote vitakuwa rangi moja, mama aulize huu ni uji gani.
Halafu, Luhende, usisahau kumwambia mama kwamba—"

Salio likaisha.
Nikapiga mimi. Imezimwa. Wodi imeshammeza.

Kwamba nini?

Maji yalikatika tangu saa nne. Kutoka dirishani
naliona ziwa zima, limejilaza chini ya mawe,
na ndoo yangu ina robo. Naosha njegere kwa kikombe.
"Fundi pampu!" Jirani yangu Bi. Tabu
anacheka mpaka anatafuta pa kukaa.

Kwamba chumvi iwe kidogo, kwa ajili ya presha?
Kwamba ni ndimu, si siki?
Naizungusha sentensi ile kama nati iliyolika meno.
Haishiki.

Ganda linavuka lenyewe, kama soksi iliyolowa.
Kisu kinazama, na ndani kuna duara ndani ya duara,
kana kwamba mtu alitupa kokoto
na maji yakagoma kutulia.
Viganja vyangu sasa ni vya mchinjaji,
nasugua kwa sabuni ya kipande, sabuni nayo inaiva.
Nkwimba, miaka sita, anachovya kidole sufuriani,
anapaka midomo, anajitazama kwenye mfuniko:
"Baba, mimi bibi harusi."

Napanga kwenye sinia.
Kabichi ukingoni, karoti, njegere,
hoho ya njano iliyokula nauli yangu ya kesho,
vitunguu, ndimu juu,
na katikati, mwisho kabisa kama nilivyoagizwa,
wekundu wenyewe.
Sato wa kukaanga watakaa kando, leo ni wasindikizaji.

Hodi.
Mama mkwe akatazama viganja vyangu.
"Umechinja?"
"Hapana, mama. Ni mboga."
Kuku, chini kwapani mwa shangazi, akatoa sauti ndogo.
Nikainama, nikampa kifundo cha mkono, ndipo palipobaki safi,
akakigusa kwa vidole viwili, akaangalia pembeni.

Wakala.
Mama akaongeza. Akaongeza tena.
"Hii inatia damu," akasema shangazi mkubwa,
na mama akainamisha sinia, akanywa mchuzi uliobaki.
Mimi nikazunguka na birika la kunawia,
kitu kimenikwama kooni, na mwiba wa sato haukuwa.

Saa tatu Kwandu akaingia, viatu mkononi.
Akaliona sinia tupu. Akaiona midomo ya mama yake.
Akanivuta nyuma ya pazia.
"Ulimwambia?"
"Nimwambie nini?"
"Kwamba kesho asubuhi, msalani, asishtuke.
Inatoka na rangi ileile iliyoingia nayo."

Nikakaa juu ya ndoo.
Maneno ya msalani, mimi, kwa mkwe wangu!
"Mwambie wewe, ni mama yako."
"Mwambie wewe, ndiye uliyepika."
Sebuleni mama alikuwa ameshaanza kukoroma,
mtu aliyeshiba, hana neno na mtu.

Tukalala bila kulala.
Alfajiri, kabla ya jogoo yeyote wa Kirumba,
kandambili zikaburuzika ukumbini.
Komeo la choo: kach.
Kwandu akanishika mkono, ule mwekundu.
Tukaanza kuhesabu.