Kifuniko cha Dele

Dele ni lake. Mimi nimelirithi pamoja na deni la makaa,
vikombe kumi na viwili, kimoja kina ufa,
na kibao cha kukalia chenye mguu mmoja mfupi.
Nilitoka eda Jumatatu. Jumanne alfajiri
nilikuwa hapa, pembeni mwa Kibokoni,
napuliza jiko, moshi waniingia machoni,
jambo lililonifaa,
maana kila aliyepita alinitazama machoni.

Kahawa naijua. Tangawizi kiasi,
buni ikaangwe hadi karibu na kuungua, isiungue.
Nisichokijua ni kifuniko.

Bawaba ilikatika zamani, sijui lini.
Kimekaa tu, kama mgeni aliyeambiwa karibu
asiambiwe keti.
Dele likisimama, kimetulia.
Ukiliinamisha mara ya kwanza, chacheka.
Mara ya pili chatoa ulimi.
Ya tatu ilikuwa juu ya Bwana Famau,
Ijumaa, saa sita kasorobo,
kanzu imetoka kwa dobi.

Sitaeleza.
Nitasema tu kwamba Bwana Famau ni muungwana:
alivuta pumzi, akakiokota kifuniko,
akakipangusa mchanga kwa pindo lililokwisha kuharibika,
akanirudishia. Akalipa.

Hapo baraza nzima ikawa ya mafundi.
Kifunge kwa uzi. Uzi ukaungua.
Karatasi ya pakiti ya sigara, ikunjwe mara nne:
ikakaa siku moja, nao wakanywa kahawa yenye harufu ya pakiti.
Mwachiro, muuza kashata, akaniletea mpira wa baiskeli,
ukalainika taratibu, ukatuachia ladha ya barabara.
Bi Mwanaesha akatoa kichwa dirishani, ghorofani:
"Tia jiwe juu!"
Kana kwamba ni pipa.

Nikalipeleka Mwembe Tayari kwa fundi Odipo.
Akaligeuza, akalipiga ukucha, akasikiliza.
"Kifuniko hakina kosa, mama. Mdomo ndio umepanuka.
Nani alikuwa analigonga hapa?"

Nikajua. Wenziwe hugonganisha vikombe.
Twaha aligonga dele, mdomoni, kwa kitako cha kikombe,
tang, tang, miaka kumi na minane,
na mimi ndani nikijua amefika kona gani.

Odipo akaupiga nyundo mpaka ukarudi duara.
Kifuniko kikaingia kwa sauti ya kufuli.
Shilingi mia mbili.
Kesho yake dele likachemka, halina pa kupumulia,
likatema kahawa kwa mkonga wake bila kuombwa,
likazima nusu ya jiko.
Kifuniko kimeng'ang'ania. Nilikitoa kwa kisu
na kwa maneno ambayo nashukuru
Bi Mwanaesha alikuwa bado amelala.

Kisu kikaupanua mdomo tena.

Basi. Nikamimina kikombe cha kwanza
nimekibana kifuniko kwa kidole gumba cha kushoto.
Kikaniunguza. Nikakirudisha kidole pale pale,
kwa sababu hapana mahali pengine kinapofika.

Alikuwa na kovu hapo.
La mviringo, gumu, kama punje ya kunde.
Gizani nililijua kuliko uso wake,
lilinikwaruza shingoni, nikimwambia apake mafuta ya nazi,
naye hucheka: "Ndiyo kazi, hiyo."
Nikidhani ni makaa.
Miaka yote hiyo nikidhani ni makaa.

Leo wamekunywa ishirini na sita. Hakijaanguka.
Bwana Famau amekuja na kanzu ya kahawia,
amekaa mbali kidogo, ameunyoosha mkono wote.
Kidole kimetoka lengelenge.
Rukiya, mwanangu, ana sindano, ataka kulitoboa.
Namwambia aliwate.