Dunia ya Daftari la Visanduku

Nilianza na mto, kwani Wete hatuna mto wa kutambia.
Nikauchora kwa kalamu ya buluu inayokatakata wino,
ndiyo maana unapotea mahali patatu
kisha unaibuka, na watu wa huko husema
mto wao una haya.

Halafu milima. Sijapata kupanda mlima.
Urefu nimeukopa kwenye mnara wa simu wa Limbani,
theluji nimeikopa ndani ya friza la Bi Riziki,
ile ngozi nyeupe inayoota ubavuni
karibu na malai za ubuyu.
Basi theluji yangu inanukia ubuyu.
Anayebisha na alete yake.

Jumamosi baada ya Isha, nyuma ya karakana ya Shaame,
tukakaa wanne juu ya jamvi lisilotoka harufu ya karafuu:
Shaame seremala, ambaye mchezoni ni jitu anayeogopa mbuzi;
Mbarouk wa vocha, shujaa wa panga mbili;
Time, mkunga wa kituo cha afya, mwizi wa funguo;
na mimi, niliye kila mtu aliyebaki.

"Paukwa!"
"Pakawa," wakaitika, nami nikasoma
kurasa kumi na moja za wafalme,
nani kamzaa nani, nani kampa nani sumu,
mikataba, mihuri, bendera na rangi zake.
Mbarouk akapiga miayo hadi nikaona kidaka tonge.
Time akauliza, "Maji wanateka wapi?"
"Nani?"
"Hao wa mji wako wa juu jabalini.
Na mke wa mlinzi wa lango akishikwa na uchungu
saa nane ya usiku, anabishiwa nani hodi?"

Nilikuwa na joka mwenye vichwa saba, kila kichwa na jina lake.
Sikuwa na mkunga hata mmoja.

Wiki nzima nikawa nafuta wafalme.
Karatasi ikachubuka; pale ilipotoboka
nikapaita Kisima.
Nikaweka mkunga, nikampa goti bovu, kandili,
na deni la sukari dukani.
Nikaweka sheha asiyeonekana akitafutwa.
Mbuzi nikawaongeza, kwa ajili ya Shaame.

Dadu la pande ishirini hatukulipata, si Wete si Chake.
Shaame akalichonga kwa mti wa mfenesi,
siku tatu, msasa na mate,
likatoka la manjano, zuri kama tunda.
Ila lina upande mzito.
Ukilirusha mara tano, mara tatu linalalia saba.
"Litupe," akasema Mbarouk. Shaame kainama, kimya,
anafuta vumbi ambalo halikuwapo.

Mchana mimi ni karani wa mizani, napima karafuu za watu;
kitu kilichoegemea nakijua hata macho nimefumba.
Nikasema ngojeni. Nikaandika usiku ule:
dunia hii iliegemea tangu ikiwa mbichi,
na wenyewe wanajua.
Wakikutana njiani mmoja huuliza, "Saba?"
mwenzake hujibu, "Ikija itatukuta."
Wanapojenga mtaa, kiwanja cha saba hukiacha wazi,
upepo upite, watoto wachezee, na aliyefukuzwa kwao
apate pa kulaza kichwa bila kuulizwa.

Shaame akasoma, akarudia kusoma.
Akaenda kutia maji ya chai.

Jumamosi iliyopita tulifika darajani kwa joka.
Time hakutaka vita; alitaka kumuuliza joka
kama ana watoto.
Akarusha dadu, umeme ukakatika.
Tukalisikia likigonga mguu wa meza, likazama
ndani ya randa za mbao.
Wanne kwa magoti, simu ya Mbarouk ina asilimia mbili,
tunapapasa takataka laini kama manyoya.
"Ninalo," akasema Time gizani. "Lipo chini ya kiganja changu."

Hakuna aliyewasha.
Nje mtu alipita na baiskeli isiyo na breki,
na sisi tukabaki hivyo,
joka akiwa bado
anafikiri jibu.