Ishirini

Kamera niliinunua dola kumi na nne
kwenye duka la mitumba la kanisa, Thunder Bay,
na ndani yake mlikuwa na mkanda wa mtu
aliyepiga picha tisa, akaacha.
Sikuutoa. Nikaanzia ya kumi.

Usiku uliofuata Krismasi, baridi ya kugandisha kope.
Betri nilikuwa nimeifutika kwapani
kama yai la kuatamia.
Mzee Kauppinen, jirani, kapamba tena mwaka huu:
kulungu watatu wa waya, mmoja kaanguka kifudifudi,
taa za kijani ukingoni mwa paa,
na ile moja ya buluu, hafifu, juu ya banda la gari,
anayosema ni ya mkewe,
kisha haongezi neno.

Stendi nimeizamisha thelujini hadi magoti.
Tundu, namba nane. Sekunde thelathini, nikakisia.
Saa yangu iko chini ya koti na sweta mbili,
basi nikamwambia Rukaya: wewe hesabu,
kwa Kiswahili, polepole, kama unavyokula pilipili.

Moja, akasema, mvuke ukamtoka. Mbili.
Mzee akatoka na tochi kumwinua kulungu wake.
Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Kimya.

Akatazama juu. Akatazama viatu.
“Kumi na… kumi?”
Sikumwambia. Sijui kwa nini sikumwambia.
Kidole kimekufa ganzi kwenye waya,
lenzi imekodoa jicho, mwanga unaingia, unaingia,
na mtoto wa darasa la nne anasaka neno
alilozoea kulisikia simuni, kwa bibi yake,
bibi akihesabu vitumbua vya wateja.

“Ishirini!” Mbwa wa nyumba ya tatu akaitika.
Thelathini ilikuja mbio.

Picha zilirudi kwa posta mwezi Machi.
Tisa za kwanza: mbwa, mbwa, keki, mbwa yuleyule kazeeka.
Yetu imeungua. Kijani kimelimwagikia paa,
theluji ni maziwa yaliyofurika sufuria.
Ya buluu tu, kwa udhaifu wake,
ndiyo iliyopata kipimo chake.
Rukaya huwaonyesha wageni pale palipozidi mwanga:
“Hapa ndipo nilikuwa nakumbuka.”

Nakala nilimpelekea mzee.
Akaishika kwa pembe, akaisogeza dirishani,
akauliza: mimi niko wapi?
Rukaya akamfuatishia kwa ukucha uzi wa tochi,
unatoka mlangoni, unamzunguka kulungu,
unasimama kidogo chini ya ile ya buluu,
unarudi ndani.