Nguzo ya Sita

Miti tuliikata mwezi ukikonda,
bungua wasije wakakuta utamu ndani.
Mikaratusi mitano ya mpakani, iwe nguzo,
na mwerezi mkongwe uliopigwa na radi
ukabaki wima kwa ukaidi tu.
Mangusho aliugonga kwa kisogo cha shoka,
akasikiliza.
"Huu bado una sauti. Utakuwa boriti."

Misumari hatukununua.
Si kwamba Kapchorwa hakuna duka,
ila msumari, kwa Mangusho, ni mgeni aliyeingia kwa nguvu:
siku akitoka, hutoka na kipande cha ukuta.
Tulichonga ndimi, tukatoboa matundu,
vigingi tukavikausha juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu.

Wiki tatu patasi ililia uani.
Cherop alitia alama kwa mkaa,
mkato mmoja, mikato miwili, jicho, unyayo wa kuku,
kila ulimi ulijue tundu lake.

Nguzo ya nne niliikosea mimi.
Nilipima kwa dhiraa ya mkono wangu badala ya wake,
ikapungua upana wa kiganja.
Mangusho hakunigombeza.
Aliikalia ile nguzo, akala viazi vitatu,
kisha akasema: "Basi jiwe la upande huo litakua."

Ya sita haikuwepo.
Mkaratusi wa Yeko, uliopandwa siku moja na wangu,
ulishuka mlima juu ya lori la Mbale,
naye akashuka nao,
fedha mfukoni, bila kugeuka.
Mama Chelimo akatupa mgrivilea wa kivuli cha kahawa yake,
akataka matawi tu yarudi jikoni kwake.

Siku ya kusimamisha tulikuwa watu ishirini,
kamba za katani, matope ya Kaserem hadi vifundoni.
Kiunzi kiliinuka hadi magotini, hadi kifuani,
kikagoma.
Hapo mtu akashika kamba ya kona ya mgrivilea,
mtu wa ishirini na moja, viatu vya mjini.
Hakusalimu.
Hakuna aliyemuuliza.
Mangusho alisema tu, "Vuta,"
na tukavuta.

Jioni ghala lilikuwa mifupa mitupu,
mlima ukionekana kupitia tumboni mwake,
jiwe moja limezidi wenzake kimo.
Usiku mvua ilipopita tulilisikia likilia,
kiungo kwa kiungo,
miti mibichi ikizoeana.

Yeko alilala kwetu.